Feza Iliyorudi Mara Mbili



Kuna maswali yanayoonekana kuwa madogo, lakini mtu akiyachunguza anakuta moyo wake wote umo ndani. Moja ni hili: mtu akilipwa deni lake mara mbili, kwa kosa la yule aliyemlipa, feza ya mara ya pili ni ya nani? Wengi watajibu upesi: si yake, airudishe. Lakini jibu la upesi ni rahisi kwa mtu asiye na feza hiyo mkononi. Leo tuongee na yule ambaye ameishika, na ambaye nyumbani kwake unga umekwisha.

JAMBO LENYEWE

Tuchukue mfano. Tuseme kuna jamaa moja ya Lubumbashi, papa, mama na watoto wao. Mwaka 2019 walianza kuweka feza kidogo kidogo katika likelemba, ili mwaka 2020 papa na mama wafike Nkamba kwa sikukuu ya tarehe 25 Mei. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1500 kwa ndege, kisha mtu anashika barabara ya Mbanza-Ngungu mpaka kufika katika mji mtakatifu. Mtu mwenye kazi ndogo anaweza kufanya safari ya namna hiyo mara moja tu katika maisha yake. Walilipa tikiti mbili kwenye ajansi ya safari, tuseme dola 700, wakapewa kartasi yao.

Yaliyofuata tunayakumbuka sisi wote. Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa Covid-19 ulionekana Kinshasa. Makusanyiko ya ibada yakakatazwa. Tarehe 24 Machi Rais Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura, na mji wa Kinshasa ukatengwa na majimbo mengine. Ndege zikasimama. Makanisa na viwanja vya ndege vilifunguliwa tena tarehe 15 Agosti. Sikukuu ya 25 Mei ikawa imepita, waamini wakiomba ndani ya nyumba zao.

Jamaa yetu ya mfano ikaenda kudai feza yake. Wakaambiwa: rudini wiki ijayo. Wakarudi. Wakaambiwa tena hivyo hivyo. Mwishoni, mwezi wa Oktoba, dola 700 zikaingia katika simu ya papa, na jamaa yote ikamshukuru Mungu. Lakini siku chache nyuma, mtoto wao mkubwa, ambaye alikuwa anakaa kwa mjomba wake na hakujua kwamba papa amekwisha kulipwa, alipita kwenye ajansi kuuliza habari. Mfanyakazi akafungua kitabu, akaona jina la papa halijafutwa, akamwambia mtoto asaini, akampa bahasha. Mtoto akaileta nyumbani kwa furaha. Usiku ule wakahesabu: dola 700 nyingine.

Mtoto hakudanganya, na mfanyakazi hakuibiwa. Na katika nyumba hiyo kuna deni la miezi mitatu ya kodi, kuna feza ya shule ya binti, kuna bibi anayehitaji dawa. Wafanye nini?

SABABU ZINAZOTOLEWA

Tusiwahukumu upesi. Tusikilize kwanza sababu ambazo watu wanazitoa, maana nyingine zina ukweli ndani yake.

Sababu ya kwanza: «Ajansi ilitutesa.» Ni kweli. Feza yao ilikaa miezi mingi mikononi mwa wengine. Walikula hasara ya taksi, wakaaibishwa mlangoni kama waombaji, na kumbe walikuwa wanadai jasho lao. Lakini hapa madeni mawili yanachanganywa. Kama ajansi inawiwa nao kitu kwa sababu ya kuchelewa, deni hilo lipo, na wana haki kulidai mchana, mbele ya mkubwa wa ajansi, na hata mbele ya tribinali. Mtu anayejilipa kwa siri amekuwa mdai, shahidi na mwamuzi, yeye peke yake. Tena tuulize: ni nani aliyepima kwamba taksi na aibu vina bei ya dola 700? Kama bahasha ingekuwa na dola 100, wangesema hasara yao ni 100. Kama ingekuwa na 2000, wangesema ni 2000. Haki haipimwi namna hiyo.

Sababu ya pili: «Wakubwa wanakula mamilioni, sisi tunaulizwa juu ya bahasha moja.» Neno hili linasikika kila mahali, katika basi, sokoni na hata mlangoni pa kanisa. Na watu wengine wanacheka wanasema ni «Article 15», jitafutie mwenyewe. Wandugu, sisi tuliokomaa tumekwisha kuona mahali njia hii inapofika. Mwaka 1991 na mwaka 1993 nchi yetu iliona uporaji. Siku zile kilichofika mkononi kilihesabiwa kuwa cha mkono ule. Walianza askari, wakafuata raia. Mwenye kubeba kiti alisema mwingine amebeba frigo, mwenye frigo alisema mwingine amebeba gari. Kisha maduka yakabaki kuta tupu, kazi zikapotea, na walioumia zaidi hawakuwa wakubwa, walikuwa watu wa kazi za kila siku. Dhambi ya mkubwa haikupi ruhusa. Inakuonyesha tu namna utakavyokuwa siku bahasha yako itakapokuwa kubwa kama yake.

Sababu ya tatu: «Tutatoa sehemu yake katika nsinsani.» Hapa tuwe waangalifu, maana sababu hii imevaa nguo nyeupe. Sisi tunajua nsinsani ni nini. Hekalu la Nkamba, lililowekwa wakfu mwaka 1981, lilijengwa kwa michango na kwa mikono ya waamini. Kila aliyetoa alitoa kilicho chake. Katika Matayo 5:23-24 Bwana Yesu anamwambia mtu aliyefika mbele ya mazabahu, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza kupatana naye, kisha arudi kutoa. Sadaka inangoja, ndugu hangoji. Basi utamtoleaje Mungu feza ambayo mwenyewe anaitafuta?

Sababu ya ine: «Nikirudisha, mfanyakazi ataila mwenyewe.» Hii si sababu ya bure, tunajua nchi tunayokaa. Lakini inatuuliza turudishe kwa namna gani. Haituambii tusirudishe. Tutaijibu mbele, tutakapofika kwenye Kazi.

Inabaki sababu ya tano, ambayo ni ya nguvu kuliko zote, maana inasemwa na watu wa sala: «Tuliomba, na Mungu ametujibu. Hii ni baraka.»

FEZA KATIKA MAGUNIA

Biblia ina habari inayofanana kabisa na jambo letu. Iko katika Mwanzo, sura ya 42 na ya 43.

Njaa ilikuwa katika inchi ya Kanaani. Wana wa Yakobo wakashuka Misri kununua ngano, wakalipa feza yao, wakapakia punda. Njiani, mmoja akafungua gunia lake ili ampe punda chakula, akaona feza yake imo kinywani mwa gunia. Kufika nyumbani, kila mmoja akakuta hivyo. Walipata ngano, na feza imerudi. Tuangalie mioyo yao: hawakucheza wala hawakupiga vigelegele. Walitetemeka, wakaulizana Mungu amewafanyia jambo gani.

Njaa haikuisha. Ngano ile ililiwa ikamalizika, na ikawa sherti warudi Misri. Hapo mzee Yakobo akawapa agizo: wachukue feza mpya ya kununua ngano, wachukue na feza ile iliyorudi katika magunia, wairudishe, maana labda ilikuwa kosa. Wapendwa, tusimame kidogo hapo. Yakobo alikuwa na njaa. Wajukuu wake walikuwa na njaa. Yule mtawala wa Misri alikuwa amewatesa wanawe, amewaita wapelelezi, amemfunga Simeoni. Kama kuna mtu aliyeweza kusema «walitutesa» au «Mungu ameona shida yetu», ni mzee huyu, ambaye Mungu alisema naye mara nyingi na kumpa jina la Israeli. Hakusema hivyo. Alisema labda ni kosa, irudisheni.

Na walipofika, walitangulia kusema. Walimkaribia msimamizi wa nyumba ya Yosefu mlangoni, mbele ya kuulizwa, wakamweleza yote: tulilipa, tukaikuta katika magunia, hatujui nani aliiweka, tumeirudisha. Ndipo msimamizi akawaambia wawe na amani, feza yao ilimfikia, na ile ya magunia ni Mungu wao aliyewapa.

Basi tunaona jambo la ajabu. Feza ile ilikuwa zawadi kweli! Yosefu mwenyewe aliagiza iwekwe. Lakini wana wa Yakobo hawakujitangazia wenyewe kwamba ni zawadi. Neno hilo lilitoka katika kinywa cha upande uliotoa. Mpaka wakati ule, kwao feza ile ilikuwa mali ya mwingine.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema katika mafundisho haya, na kila msomaji alishike: yule aliyepokea hana uwezo wa kuita kosa la mwenzake baraka. Ni yule ambaye feza imetoka mkononi mwake anayeweza kusema «nimekupa». Kama yeye hajui hata kwamba imetoka, hajatoa kitu. Na sisi tukiweka jina la Mungu mahali pa jina lake, tunamfanya Mungu mpokeaji wa mali iliyopotea.

Mtu atauliza: je, Mungu hawezi kutusaidia kwa njia ya kosa la mtu? Anaweza, Yeye ni Mwenyezi. Lakini kama ni Yeye, haogopi uende kuuliza. Baraka ya kweli inavumilia kuulizwa. Nenda ukaseme mbele ya mwenyewe. Akikuambia «kaa nayo», utalala usingizi, na utamshukuru Mungu pasipo woga. Kama unaogopa kwenda kuuliza, moyo wako umekwisha kujibu.

Sasa tutazame kwa maneno matatu ambayo kila mtoto wa kanisa letu ameyajua tangu shule ya Jumapili: Upendo, Amri, Kazi.

UPENDO

Watu wanasema: «Ajansi ni tajiri, haitaona pengo.» Lakini ajansi haina tumbo. Nyuma ya meza yake kuna mtu. Siku ya kufunga hesabu, kitabu kinaonyesha dola 700 zimepungua. Mkubwa hatamuuliza mteja wa kwanza, atamuuliza yule aliyeshika sanduku. Katika kazi nyingi za mji wetu pengo la sanduku linakatwa katika mshahara, na mara nyingine mtu anafukuzwa na kuitwa mwizi. Labda ni kijana aliyemaliza masomo juzi. Labda ni mama mwenye watoto wanne. Labda na yeye anaomba katika kanisa fulani Jumapili.

Basi jamaa yetu ikitumia feza ile kulipa kodi, haijalipwa na ajansi. Imelipwa na mfanyakazi ambaye naye ana kodi. Imehamisha shida yake kutoka nyumba moja mpaka nyumba nyingine, na imepiga sala ya shukrani. Upendo ni kujua jina la anayelipa. Hata kama hatujui jina lake, tunajua yupo.

AMRI

Torati ya Musa haikuliacha jambo hili kwa akili ya kila mtu. Katika Kumbukumbu la Torati 22:1-3, anayemwona ng'ombe au kondoo wa ndugu yake amepotea anapashwa kumrudisha. Kama mwenyewe yuko mbali au hajulikani, amtunze nyumbani mpaka atakapokuja kumtafuta. Na neno ni hivyo hivyo kwa vazi na kwa kila kitu kilichopotea: amekatazwa kujifanya kama hakuona. Torati haisemi kwamba aliyemwona ng'ombe ni mwizi. Kumwona si kosa. Kosa linaanza wakati anapogeuza uso.

Na Walawi 6:1-7 inasema juu ya mtu aliyepata kitu kilichopotea akakana: sherti akirudishe chote, na kuongeza sehemu ya tano juu yake, kisha ndipo alete sadaka yake kwa kuhani. Kwanza mwenyewe, kisha mazabahu.

Amri ya nchi inafuata njia hiyo. Sheria yetu ya mapatano, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema kwamba aliyepokea kitu asichowiwa, akiwa anajua au kwa kukosea, anapashwa kukirudisha kwa yule aliyempa. Haiulizi kama yeye ni maskini au kama aliyempa ni tajiri. Kwa hiyo jamaa yetu isidanganyike: bahasha ile ni deni, hata kama hakuna anayelidai leo.

Na wasemaji wa «hakuna anayeona» tuwaambie nini? Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwezi wa Septemba 1921, akakaa kifungoni Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 hakuna kusanyiko lililomsikiliza, hakuna kwaya iliyomwimbia. Kama uaminifu ungehitaji watu wa kuuona, imani hii ingekufa mle gerezani. Sisi tunaojiita watoto wake tunaulizwa uaminifu wa usiku mmoja, mbele ya bahasha moja.

KAZI

Upendo na Amri visipofika mkononi vinabaki wimbo. Basi jamaa yetu ifanye nini kesho asubuhi?

Kwanza, wasiigawanye feza ile, wala «kukopa» kidogo ndani yake. Iwekwe pembeni nzima.

Pili, papa aende na mtoto aliyesaini, na shahidi mmoja, kama mchungaji au shemasi. Wachukue kartasi ya tikiti na ujumbe wa simu unaoonyesha malipo ya kwanza. Hapa tunaijibu sababu ya ine: wasimpe feza mfanyakazi pembeni ya mlango. Waombe kumwona mkubwa wa ajansi, feza ihesabiwe mbele ya wote, na wapewe risiti yenye sahihi na muhuri. Hivyo feza haitapotea njiani, na yule mfanyakazi hataitwa mwizi. Waseme pia kwa upole kwamba alikosea tu, kwa sababu jina halikufutwa.

Tatu, kama wana neno juu ya kuchelewa kwa feza yao, walilete siku hiyo hiyo, wazi. Mtu aliyerudisha dola 700 anasikilizwa vizuri kuliko mtu mwenye kelele. Ajansi ikiwaachia sehemu kwa ajili ya hasara yao, watapokea kwa mikono miwili, na hiyo itakuwa yao kweli.

Na kama wamekwisha kuitumia mbele ya kujua? Basi waende hata hivyo, waseme ukweli, waombe kulipa kidogo kidogo, franga baada ya franga. Aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko kupita njia nyingine kila siku ili wasionekane na watu wa ajansi. Na hapa kanisa pia linaulizwa. Ni rahisi kumwambia mwenye njaa arudishe bahasha, kisha sisi tukaenda kula. Parokia inayofundisha watu kurudisha inapashwa kujua katika nyumba gani kodi haijalipwa na bibi hana dawa. Ndugu akirudisha feza ya mwingine, mkono wa wandugu uwe pale mbele yake. Tukifanya hivyo, mafundisho yetu yatakuwa na uzito. Tusipofanya, tumemfunga mwenzetu mzigo ambao sisi hatuugusi kwa kidole.

Ine, watoto waone. Mtoto yule aliyeleta bahasha kwa furaha atajifunza kitu usiku ule, wazazi wakitaka au wasipotaka. Wakinyamaza, atajifunza kwamba sala ni jina zuri la kuficha kitu. Wakirudisha, atajua kwamba papa yake na mama yake, katika mwaka wa shida, hawakuwa na bei. Na siku moja atakuwa yeye mwenyewe nyuma ya meza fulani, ameshika sanduku la watu, labda sanduku la kanisa, labda la serikali. Atakachokifanya hapo kinaanza kupandwa leo.

Wapendwa, wengine wetu hawajapata bahasha ya dola 700. Lakini mama wa sokoni amerudisha chenji vibaya na tumeondoka. Simu imeingiza feza ya mtu asiyejulikana na tumekimbia kwenye kabini kuitoa. Mwenye kulipa kazi amekosea hesabu na tumesema ni zamu yetu. Kila mmoja ajiulize, mbele ya ibada ya Jumapili inayokuja: ndani ya gunia langu, kuna feza ya nani? Na aliyeiona asigeuze uso. Aichukue mkononi, aende mlangoni kwa mwenyewe, atangulie kusema.

Bwana atutie nguvu katika Upendo, katika Amri na katika Kazi. Amina.